Judo: maswali yenu kuhusu kumtupa mtu ukiwa unaanguka

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu sutemi-waza, mbinu ambazo mtupaji mwenyewe hulala chini ili amrushe mwenzake.

Nikipiga tomoe-nage (kulala chali na kumrusha mwenzangu juu ya kichwa kwa mguu), ananiangukia tumboni. Nakosea wapi?

Unalala kabla hajayumba. Mvute kwanza mbele mpaka visigino vyake vinyanyuke mkekani, ndipo uingie. Tena uingie ndani hasa: makalio yako yatue karibu na miguu yake. Wengi huketi palepale waliposimama, mguu ukamfikia umeshanyooka, hauna tena nguvu ya kusukuma. Kunja goti, unyayo uuweke chini kidogo ya fundo la mkanda wake, wala usimpige teke. Mikono isiache kuvuta. Uzito wake ukishakujia juu, hapo ndipo unanyoosha mguu, naye anapita juu ya kichwa chako. Ukipatia, utamhisi mwepesi ghafla. Ukimwona mzito kama gunia, ujue umewahi mno.

Mashindano makubwa mbinu hii inafaa kweli?

Inafaa sana. Tsunoda Natsumi wa Japani alitwaa dhahabu ya kilo 48 kwenye Olimpiki ya Paris 2024, na tomoe-nage ndiyo ilikuwa silaha yake kuu. Wapinzani walijua inakuja, na bado walirushwa.

Mbona nililala chini nikapewa shido (adhabu ndogo ya mwamuzi)?

Mwamuzi aliona unamburuta mwenzio chini bila nia ya kumtupa.

Kwa nini kani-basami imepigwa marufuku?

Inavunja watu miguu. Unajirusha ubavuni kwa mwenzio na kumbana kwa miguu yako kama mkasi. Yamashita Yasuhiro alivunjwa mguu namna hiyo mwaka 1980, kwenye ubingwa wa Japani. Alipona, na mwaka 1984 akachukua dhahabu Los Angeles, lakini nawasihi msiijaribu hata kwa utani. Hata tani-otoshi, mbinu ya kumwangusha mwenzio kinyumenyume ambayo inaruhusiwa, ifanyeni kwa uangalifu: mguu wako upite nyuma ya miguu yake yote miwili, usimgonge goti kwa ubavu.

Mwanangu ana miaka tisa, anataka kujifunza hizi.

Mwambie asubiri, mama. Kwanza ajue kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige mkeka mgongo unapotua. Siku akitupwa akainuka bila kujishika kisogo, mlete tuzungumze.