Jibu: Chombo cha maua cha Gallé, cha kweli au nakala?
Ndugu, umeuliza kama chombo chako cha kioo chenye sahihi ya "Gallé" ni cha kweli. Usianze na sahihi, maana hiyo ndiyo rahisi kughushi. Anza na kioo.

Karakana ya Émile Gallé, msanii wa vioo wa kule Nancy, Ufaransa, ilibandika matabaka ya kioo cha rangi mbalimbali, moja juu ya jingine. Umbo la ua au jani lilipakwa kinga, kisha asidi ya haidrofloriki ikala sehemu zilizoachwa wazi. Kazi bora zilirudiwa mara kadhaa, ndiyo maana jani moja huwa na rangi nzito penye mshipa na nyepesi ukingoni. Pitisha ukucha pembeni mwa ua: utahisi ngazi. Pakiwa laini kabisa, ni rangi ya kupakwa tu.

Ngazi peke yake haitoshi, lakini. Nakala za Romania nazo huliwa na asidi, na nyingi huandikwa "Gallé Tip", yaani mtindo wa Gallé. Wajanja husaga hilo "Tip". Laza tochi ubavuni mwa sahihi utafute doa ambalo mng'ao wake haulingani na kioo kinachozunguka.

Kinyota kando ya jina kisikutishe. Kiliwekwa kwenye kazi za baada ya kifo cha Gallé, 1904.

Na tafadhali, usikioshe kwa maji ya moto. Matabaka yakipanuka kwa kasi tofauti, ufa hauchelewi.