Kidonda cha kulalia huanzia ndani, karibu na mfupa: kwa anayeanza kuuguza mgonjwa asiyejigeuza

Unaweza kumpokea mgonjwa wa kiharusi au aliyevunjika uti wa mgongo ngozi yake ikiwa safi kabisa, na siku ya tatu ukakuta doa jeusi juu ya kifandugu, yaani mfupa wa chini kabisa ya mgongo, juu ya makalio. Usidhani limeanza siku hiyo. Lilianza ndani, kwenye msuli ulio karibu na mfupa, pengine tangu alipokuwa bado amelazwa juu ya ubao mgumu wa kubebea majeruhi. Siku mbili tatu zilizofuata lilikuwa linapanda juu.

Shika jambo hili mapema: mgandamizo peke yake haujeruhi nyama. Mzamiaji aliye mita 10 chini ya bahari ana mgandamizo wa ziada wa karibu milimita 760 za zebaki mwili mzima, na hatoki na kidonda, kwa sababu maji yanambana pande zote sawasawa na nyama haibadiliki umbo. Mgonjwa wako kitandani anabanwa kwa namna nyingine. Godoro liko chini, mfupa uko juu, nyama iliyo katikati inapondeka na kusukumwa pembeni. Mishipa midogo kabisa ya damu, ambayo msukumo wake wa ndani kwa kawaida hutajwa kuwa karibu milimita 32 tu, inazibwa. Seli nazo zinavutwa na kupindwa hadi kuharibika. Msuli huanza kufa kabla ya ngozi, ndiyo maana kidonda chenye mdomo mdogo huweza kuwa na shimo pana ndani.

Kitu cha pili ni muda. Mwaka 1959, daktari wa Marekani Michael Kosiak alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba mgandamizo wa milimita 70 za zebaki ukidumu zaidi ya saa 2 unatosha kuharibu tishu zisipone tena. Mgandamizo mkubwa zaidi ya huo, ukiachiwa kila baada ya dakika chache, ulileta madhara madogo. Kwa hiyo kumgeuza mgonjwa ni tiba kamili, kama sindano ya kila baada ya saa 6, na kukichelewa lazima kuandikwe.

Kwenye godoro la kawaida la sponji, anza na saa 2: chali, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia. Usimlaze ubavu moja kwa moja, maana uzito wote utaangukia mfupa wa nyonga, na hapo nyama ni chache. Mwinamishe nyuzi 30 tu. Weka mto mgongoni kuanzia begani hadi kiunoni na mwingine katikati ya magoti. Kisha pitisha kiganja chini ya kifandugu: kama kifandugu hakigusi godoro, umepatia. Godoro nalo lipime. Ingiza mkono chini yake, kiganja kikitazama juu, penye makalio ya mgonjwa. Ukiusikia mfupa wake juu ya vidole, sponji imekufa. Usipoteze muda kutandika shuka nyingi juu yake.

Kuna kosa linalofanywa kwa nia njema: kumwinua mgonjwa kichwa ili apumzike vizuri, kisha kumwacha hivyo mchana kutwa. Anateleza polepole kuelekea miguuni. Ngozi ya makalio imeng'ang'ania shuka, mifupa inashuka, na mishipa iliyo katikati inavutika na kukunjika. Nyama inayovutwa hivi huhitaji mgandamizo mdogo zaidi ili damu isimame. Usizidishe nyuzi 30 ila wakati wa kula, na inua magoti kwanza ndipo uinue kichwa. Akishateleza, msimburute kwa kumshika makwapani. Muwe wawili, kila mmoja akunje pembe za shuka iliyo chini ya mgonjwa karibu na mwili wake, mhesabu pamoja, mmnyanyue ndipo mmsogeze.

Kisigino kina mfupa mkubwa na mto mdogo wa nyama. Glavu zilizojazwa maji, ambazo bado tunaziona zikitumika, hazisaidii: eneo ni dogo, kisigino kinazama au kinateleza pembeni. Weka mto kwa urefu chini ya shavu la mguu, goti likunjike kidogo, kisigino kielee hewani. Pete za mpira za kukalia ziache pia. Zinabana duara lote la nyama na kuzuia damu isifike katikati. Na usisugue wala kukanda sehemu iliyobadilika rangi, hata kwa mafuta mazuri, kwani unazidi kuirarua nyama iliyokwisha kuumia.

Vitabu vingi vinakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na hapa ndipo wagonjwa wetu wanapopotea. Fungua dirisha upate mwanga wa mchana, kisha tumia mgongo wa mkono. Linganisha kifandugu na ngozi ya pembeni: je, pana joto zaidi, au ubaridi? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama tope? Pana rangi ya zambarau, au pamekoza kuliko jirani? Anayeweza kusema, muulize kama panauma.

Kaguzi hizo zifike pia chini ya vitu tulivyomfunga wenyewe: mpira wa oksijeni nyuma ya masikio, mpira wa mkojo uliolaliwa na paja, ukingo wa hogo, yaani plasta ngumu ya mfupa uliovunjika. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu ainamie mbele, kifua kikielekea mapajani, kila baada ya dakika 15 hadi 30, akae hivyo karibu dakika 2. Kujinyanyua kwa mikono sekunde chache hakutoshi damu kurudi.

Ukimgeuza ukakuta alama, bonyeza kwa kidole sekunde 3, uachie uone kama inafifia, kisha mlaze asiguse upande huo. Rudi baada ya nusu saa. Ikiwa imetoweka, ratiba yako inafaa. Ikiwa ipo bado, upande huo usilaliwe hadi ngozi irudi hali yake, na muda wa kugeuza upunguze, tuseme hadi saa moja na nusu, uandike kwenye karatasi iliyo kitandani ili wa zamu ya usiku aikute. Ikiwa ya zambarau, mwite daktari siku hiyo hiyo, hata kama ngozi haijachubuka.