Re: Maoni ya wananchi yana maana gani kwenye kuandika katiba?

Dada, umeuliza kama watu wa jimbo lenye mamlaka ya ndani wana haja ya kwenda kutoa maoni ya katiba yao, maana "wakubwa wataandika wanachotaka". Nenda! Hapa Uganda Tume ya Jaji Odoki, iliyokusanya maoni ya katiba, ilipokea maandiko ya wananchi zaidi ya 25,000 kabla ya Bunge la Katiba kuchaguliwa mwaka 1994. La kijiji chetu baba aliliandika kwenye karatasi za daftari, wazee wasiojua kusoma wakatia dole gumba chini. Kweli, Waganda wengi waliomba federo, yaani mfumo wa shirikisho ambapo maeneo hujiendeshea mambo yao ndani ya nchi moja, na katiba ya 1995 haikuwapa. Iliniuma. Lakini ombi limeandikwa, hakuna awezaye kusema halikutolewa. Ninyi daini ripoti ya maoni itolewe hadharani, kwa lugha zenu.