Mana haianikwi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Neno la Mungu linakulishaje siku kwa siku?" Mimi ni mchuuzi wa dagaa, naanika Igombe, kando ya ziwa huku Mwanza, na kuuza soko la Mwaloni, Kirumba. Mtanivumilia basi nikijibu kwa habari za dagaa.

Kwa miaka mingi niliishi kwa akiba. Utotoni nilikariri mistari, Zaburi ya 23 yote na Yohana 3:16, na hiyo ndiyo niliyoitoa kila penye shida. Mistari ya asubuhi ikiingia kwenye kundi la simu la akina mama, najibu "Amina" kabla sijafika nukta. Nikajihesabu nimeshiba.

Masika moja mvua ikatukuta dagaa wako mchangani. Jua halikutoka siku tatu. Dagaa asipokauka mapema hupasuka tumbo, na harufu yake huingia mpaka kwenye kanga uliyoiacha nyumbani. Wangu niliwauza kwa watengeneza chakula cha kuku, bei ya kutupa, na mtaji ulikuwa wa kikoba. Usiku nikaisema Zaburi ya 23. Ikatoka mdomoni kama namba ya simu.

Sikujua nifungue wapi, nikaanza Kutoka. Nilipofika sura ya 16 nikacheka peke yangu. Waisraeli waliambiwa waokote mana, pishi kwa kila kichwa, wasibakize hadi asubuhi. Wengine wakabakiza, ikaingia mabuu na kunuka. Harufu hiyo naijua! Ila dagaa ukimkausha vizuri anakaa miezi. Mana ilikaa usiku mmoja tu, ule wa kuamkia sabato. Ndipo nikaelewa Kumbukumbu la Torati 8:3, maneno ambayo Yesu alimjibu nayo Ibilisi nyikani, kwamba mtu haishi kwa mkate tu. Tunayataja sana bila kukumbuka kwamba pale Musa alikuwa akisimulia habari za mana, chakula cha kuokota kila kunapokucha.

Siku hizi nasoma sura moja alfajiri kabla ya kwenda Mwaloni, kwa sauti, maana bibi jirani yangu hakujaliwa kusoma. Biblia yangu ina magamba ya dagaa katikati ya Mambo ya Walawi. Sisemi nashiba kila siku. Yale majina ya mwanzoni mwa Mambo ya Nyakati ni miiba mitupu. Mengine nayaruka, Mungu anisamehe. Lakini siku moja tulisoma Mithali 11, kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Wenzangu wa sokoni wanaijua sado, kopo la kupimia, iliyobonyezwa kitako ili ibebe pungufu. Nilikuwa nayo. Mteja akiwa mgeni, naishika hiyo. Asubuhi ile nilipoinyanyua mkono ukawa mzito, mteja akaniuliza kama naumwa. Leo kuku wanainywea maji. Mstari huo haujawahi kuingia kwenye kundi letu la simu, nami singeuomba.

Wiki hii tuko Yona. Jana bibi aliniuliza kama aliyemmeza alikuwa sangara. Nikamwambia imeandikwa samaki mkubwa, basi. Akafikiri kidogo, akasema huyo ni sangara, na nisisome mbele peke yangu, nimsubiri kesho.