Postgres huacha kazi ikipata ushahidi

Chukua daftari la samaki la Malindi lililohamishiwa PostgreSQL (kwa kifupi Postgres), programu ya kuhifadhi data katika majedwali. Jedwali kubwa ni mapokezi: kila changu, tasi au nguru aliyepita kwenye mizani, kilo zake, bei, tarehe, namba ya mvuvi na namba ya chombo. Pembeni yake kuna jedwali la wavuvi na la vyombo. Kwa kawaida mtu huunda viu moja, yaani swali lililohifadhiwa kwa jina na kusomwa kama jedwali, inayounganisha yote matatu, kisha ripoti zote zikachota humo, hata ile inayotaka jumla ya kilo tu. Hapo ndipo swali linapokuja: jedwali la vyombo linasomwa bure?

Kama umeliunganisha kwa LEFT JOIN, inayobakiza kila mstari wa mapokezi hata ukikosa chombo, na ripoti haitaji safu yake hata moja, kipangaji (sehemu ya Postgres inayochagua njia ya kujibu swali) kinaweza kuliondoa kabla ya kusoma chochote. Uwezo huu upo tangu toleo la 9.0, la mwaka 2010. Sharti lake ni moja: kipangaji kiwe na hakika kwamba kila mstari wa mapokezi utakuta chombo kimoja au usikute kabisa. Ukikuta viwili, kilo zitahesabiwa mara mbili. Hakika hiyo haipatikani kwa kutazama data, hata kama namba zote leo ni tofauti. Inatoka kwenye PRIMARY KEY au indeksi ya UNIQUE, ambazo hukataza namba kujirudia. Kizuizi cha DEFERRABLE, yaani ambacho ukaguzi wake unaweza kuahirishwa, hakikubaliki, kwa sababu katikati ya muamala (kundi la amri zinazokubaliwa au kufutwa pamoja) kinaruhusu namba kujirudia.

Ukitumia JOIN ya kawaida, inayotupa mstari usio na mwenzake, vyombo vitasomwa tu, hata ikiwepo FOREIGN KEY, kanuni kwamba kila namba ya chombo iwepo kwenye jedwali la vyombo. Programu nyingine za data, Oracle na SQL Server, huweza kuliondoa jedwali kwa ushahidi wa FOREIGN KEY; Postgres haifanyi hivyo. Anayetoka huko akabeba viu zake vilevile atalipia.

Kikwazo kinachosahaulika zaidi ni funksheni. Tuseme viu ina safu inayogeuza msimbo wa samaki kuwa jina kwa funksheni ya PL/pgSQL, lugha ya programu ya Postgres yenyewe. Usipoitaja aina yake, Postgres huihesabu kuwa VOLATILE, yaani huenda inabadili kitu mahali fulani. Basi kipangaji hakithubutu kuitupa: ripoti ya kilo haitaki jina, lakini funksheni inaitwa kwa kila mstari. Kama inasoma jedwali tu, iandike STABLE. Kama jibu linategemea ilichopewa pekee, IMMUTABLE. Usidanganye hapa, maana uongo huu hauleti kosa kwenye skrini. Unaleta majibu mabaya kimyakimya.

Mapokezi yakigawanywa kwa partisheni (vipande vya jedwali) za mwezi, ripoti ya Machi, kaskazi ikielekea mwisho, iandikwe hivi:

WHERE tarehe >= '2025-03-01' AND tarehe < '2025-04-01'

Partisheni moja itasomwa. Wengi huandika tarehe::text LIKE '2025-03%' kwa sababu ni fupi, na jibu ni lilelile. Ila safu ikishageuzwa kuwa maandishi, kipangaji hakiwezi tena kuilinganisha na mipaka ya partisheni, na miezi yote inafunguliwa.

WITH nayo, swali dogo linalopewa jina mbele ya swali kuu: kabla ya toleo la 12, la 2019, kila WITH ilikokotolewa nzima kwanza, na kichujio cha nje hakikuingia ndani. Siku hizi WITH ya kusoma tu inayotajwa mara moja huyeyushwa kwenye swali kuu, isipokuwa ina VOLATILE au umeandika MATERIALIZED, neno linaloilazimisha ikokotolewe kwanza.

Kukagua ni rahisi: tanguliza EXPLAIN mbele ya swali, na Postgres itaonyesha mpango wake bila kuliendesha. Jedwali lisiloonekana kwenye mpango limeondolewa. Ukiona One-Time Filter: false, sharti lako halitimiziki na hakuna kitakachosomwa. EXPLAIN ANALYZE huendesha swali kwelikweli, kwa hiyo ukiiweka mbele ya DELETE mistari itafutika. Anza na BEGIN, kisha ROLLBACK.