Guts na Griffith: maswali yenu kuhusu Kikosi cha Mwewe

Mmeniuliza mengi kuhusu Berserk, manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Kentaro Miura iliyoanza kuchapishwa Japani mwaka 1989. Guts ni mpiganaji, na Griffith ndiye kiongozi wa Kikosi cha Mwewe, kundi la askari wa kukodiwa. Ambaye hajafika mbali ajue kwamba nayasimulia yote.

Guts aliingia kikosini baada ya kupigwa na Griffith. Urafiki ulitoka wapi?

Ulikuja baadaye. Siku walipokutana na Zodd, lile jitu lenye pembe, Griffith aliingia mwenyewe kumwokoa Guts, nusura wafe wote wawili. Guts alipotaka kujua sababu, Griffith akamuuliza kama ni lazima iwepo. Kijana aliyekulia vitani bila wa kumjali angeondokaje hapo?

Sasa mbona aliondoka mambo yalipowanyookea?

Usiku mmoja Guts alitoka kuua kwa amri ya Griffith, na katika purukushani akamuua hata mtoto. Bado ana damu mwilini, akamsikia Griffith akimwambia binti mfalme Charlotte kwamba rafiki ni yule tu mwenye ndoto yake mwenyewe, aliye sawa naye. Guts hakuwa na ndoto. Alikuwa na upanga.

Baadaye yuko kilimani na Casca, mwanamke kamanda wa kikosi, wanatazama mioto ya kambi. Anamwambia kila askari ameleta kijinga chake cha moto na kukitia kwenye moto mkubwa wa Griffith, ila chake hakimo. Huenda yeye alipita tu kuota moto. Kiswahili chetu kinaipokea vizuri sehemu hii: kuota moto na kuota ndoto, neno ni lile lile. Guts aliota moto wa ndoto ya mwenzake. Aliondoka ili siku moja asimame naye bega kwa bega.

Casca alimchukia Guts kwa wivu?

Ndiyo, na alikiri mwenyewe. Nafasi kando ya Griffith, aliyoihangaikia miaka, Guts aliipata bila kuiomba.

Griffith alimpenda Guts kweli, au alimtumia tu?

Alimpenda, na ndiyo maana inauma. Kwenye theluji Guts alimvunjia upanga kwa pigo moja, akaenda zake. Griffith akabaki amepiga magoti. Usiku huohuo akajipenyeza chumbani kwa Charlotte, akakamatwa, akateswa gerezani mwaka mzima. Na siku ya Kupatwa kwa Jua, mashetani walipomtaka achague kati ya wenzake na ndoto yake ya kupata ufalme wake, alikiri moyoni kwamba kati ya maelfu ya wenzake na maadui zake, Guts peke yake ndiye aliyemsahaulisha ndoto yake. Kisha akawatoa wote kafara.