Vitabu vikongwe: njoo kikaoni na mstari wako

Mgeni wa vikao vya kusoma na kujadili vitabu vikongwe huuliza kwanza: hii itanipa kazi gani? Hakuna kazi yenye jina hilo. Utakachopata ni mazoea ya kutotoa dai usiloweza kulionyeshea mstari, na mazoea hayo yana soko kortini, ofisini, hata kwenye kikao cha mirathi.

Soma kurasa 15 hadi 20 kwa kila kikao, mara mbili: kwanza bila kusimama, kisha na penseli, ukiweka alama palipokutatiza tu. Muhtasari wa intaneti uache. Utakupa hitimisho, nawe utabaki kulitetea tu. Tena nyote mshike chapa moja ya kitabu, ama muda wote utaishia "ukurasa gani huo?"

Anzeni na Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere, kwenye mazishi ya Kaizari. Someni hotuba zote mbili kwa sauti. Katika Kiingereza cha Shakespeare, Brutus, mmoja wa waliomwua Kaizari, husema kwa nathari, na Antony, rafiki wa marehemu, kwa ushairi. Brutus anapanga hoja zake, anamaliza, anaondoka. Kuondoka huko ndiko kulikomponza. Antony anataja wasia wa Kaizari, anakataa kuusoma, anashuka kuonyesha joho lililotobolewa na visu. Umati unachemka na kutaka kwenda kuchoma nyumba, wasia umeshasahaulika, na ni yeye anayewakumbusha. Mbona drakma 75 ambazo wasia ulimwachia kila raia hakuzitaja mwanzo? Bishaneni hapo. Aliyewahi kusimama kwenye mkutano wa siasa pale uwanja wa Tononoka, Mombasa, atakuwa na la kusema.

Kisha Al-Inkishafi, utenzi wa kale juu ya fahari ya Pate iliyoporomoka. Mtu wa Mombasa ana nafuu, kwani asemaye "mato" na "ndia" hatakwama sana katika Kiamu, lahaja ya Lamu iliyotungiwa utenzi huo. Kosa la wengi ni kurukia wasia wa kwamba dunia hupita, kabla hawajaitazama nyumba yenyewe. Tazama zidaka, yaani vidaka, vile vishubaka vya ukutani: zilipangwa sahani, sasa wamelala makinda ya ndege. Nenda Mji wa Kale ukavione vidaka ukutani, ndipo urudi kwenye ubeti. Kwa nini mshairi alichagua kidaka na si mlango?

Watu 8 hadi 12 na dakika 90 zatosha. Mjuzi wa kikao, yule anayejiona hakosei kamwe, ndiye huua mazungumzo. Mpeni kazi ya kuuliza maswali tu, na akianza kuhutubia, mwulizeni: mstari gani, bwana?